Tulivyokwenda Al Twar Kuomba Barabara

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mama. Kwenye ripoti tutasema tulikwenda Dubai kutafuta amani, na ripoti hiyo nitaiandika mimi mwenyewe, lakini ukweli wangu ndio huo. Mama yuko ng'ambo ya kizuizi cha waasi, saa mbili tu kwa gari kutoka mjini kwetu, na mwaka wa pili huu sijamtia machoni. Mimi ni karani wa baraza la viongozi wa dini. Niliposikia kwamba Baba Askofu na Shehe wamekubaliwa kuonana na mkuu wa siasa wa waasi, anayeishi uhamishoni huko, niliwaomba wanichukue niandike mazungumzo.

Jumatatu mchana tulitua, tukafikia hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga. Mheshimiwa, ndivyo tulivyomwita mkuu huyo, akatuma ujumbe kwamba hotelini haji, kuna macho mengi. Ikabidi Shehe amwombe jamaa yake, Bi Salma, Mzanzibari aliyekaa Dubai zaidi ya miaka thelathini, atupe sebule yake.

Jumanne saa nne asubuhi tulikuwa Al Twar, mtaani kwake. Bi Salma alitusubiri mlangoni. "Karibuni. Viatu vueni hapo, na vita vyenu navyo viacheni hapo hapo."

Jiko lilinukia iliki. Nikamkumbuka mama, ingawa mama hapikii iliki hata siku moja.

Mheshimiwa alikuja peke yake, mwembamba kuliko picha zake. Kwetu kikao hakianzi bila sala, kwa hiyo alimwomba Baba Askofu afungue. Askofu akafumba macho, akaomba kama anavyoomba kila Jumapili: afya kwa wagonjwa, mvua kwa wakulima, "na umjalie hekima na maisha marefu Rais wetu mpendwa."

Shehe akadakia "Amina" kwa nguvu, sala ikiwa bado katikati. Mimi nilitazama zulia. Niliona safari yote imekwisha kwa maneno yale.

"Baba Askofu," Mheshimiwa akasema taratibu, "huyo ndiye ninayepigana naye."

"Najua, mwanangu. Ni mazoea. Na wewe nakuombea kila Jumapili, ila kimoyomoyo."

"Basi leo niombee kwa sauti."

Askofu akamwombea kwa jina lake la ubatizo, akamwombea na marehemu baba yake, ambaye Askofu mwenyewe ndiye aliyemzika. Mheshimiwa akafuta macho kwa kiganja. Baada ya hapo hakuuliza habari za vita. Aliuliza kama kengele ya parokia ya mlimani bado inalia saa sita mchana, akatuambia waziwazi kwamba hamu ya nyumbani inamla. Nilimhurumia, kisha nikajikasirikia kwa kumhurumia, maana barabara ameifunga yeye.

Shehe ndiye aliyeleta ombi: kizuizi kifunguliwe, watu waonane na ndugu zao.

"Siku moja," Mheshimiwa akasema. "Na wapite wenye kanzu za dini tu, nyinyi wawili."

Karani haulizi, lakini niliuliza. "Na sisi wengine, Mheshimiwa? Mama yangu yuko huko."

"Nikipitisha raia, makamanda watasema nimewauza. Vumilia, dada."

Niliandika jibu lake neno kwa neno. Alipoondoka, Bi Salma alinisogezea sahani. "Mie nilitoka Unguja nikijua n'narudi baada ya mwezi. Kula, mwanangu."

Alhamisi tulirudi nyumbani, na Jumatatu iliyofuata tukafika kizuizini. Kanzu mbili zikapita, nyeusi na nyeupe, nami nikabaki garini tangu asubuhi hadi alasiri, nikiitazama barabara ninayoijua kila kona. Nimejifunza kwamba watu wa dini wanaweza kuufungua mlango uliowashinda wanajeshi, na kwamba mlango huo unaweza kuwa mwembamba, ukawatosha wao tu. Siwalaumu. Ila nilitamani sana siku ile niwe na kanzu.

Askofu alirudi kwanza, akakaa karibu yangu bila kufunga mlango wa gari.

"Nimemwona mama yako. Mzima. Alinipokea vizuri, akaniandalia chakula, akanitandikia mkeka mpya."

"Alisema nini, Baba?"

"Aliniuliza, 'Baba Askofu, mbona umekuja wewe?'"