Seremala na Sebule ya Jirani

Fundi seremala alikuwa na wivu, na tusimpambe: wivu wa kumnyima mtu usingizi. Viti vyake vilikuwa vya mbao ngumu, kila kiungo amekichonga mwenyewe. Lakini wateja walimpita kama hawamwoni, wakavuka barabara kwenda kwa muuza fanicha mpya, ambaye fundi alimbandika jina la Bwana Maneno.

Bwana Maneno hakuwa na duka, alikuwa na sebule. Zulia, mapazia, taa ya mwanga hafifu, redio ya sauti ya chini, hata harufu ya kahawa. Ukiingia unavua viatu. Hakusema "kiti", alisema "pumziko lako". Bei aliitaja mwisho kabisa, tena kwa kunong'ona, mtu ameshajiegemeza hataki kuinuka.

"Mbao laini, gundi tupu!" fundi alifoka peke yake. "Mwaka hauishi, ni kuni."

Hayo yote angeyameza. Kilichomuuma roho ni kumwona mama yake mzazi, mjane anayeishi peke yake mtaa wa nyuma, akiingia mle kila alasiri na kutoka anatabasamu. Siku alipoona mkokoteni umebeba viti viwili vya Bwana Maneno kuelekea kwa mama, alitupa randa chini akaufuata mbiombio.

"Mama! Unaye mtoto seremala, halafu unanunua viti kwa watu? Unataka nichekwe?"

"Siku hizi shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai kwenye takataka hizi! Alikwambia nini yule laghai?"

Mama alikuwa anafuta vumbi kwenye kiti kimoja kwa pindo la khanga.

"Hakuniambia kitu, aliniuliza. Alinikalisha, akaniuliza hiki cha pili atakaa nani. Nikasema mwanangu. Basi, baba, nikakuona kabisa umekaa, unakunywa chai, huna haraka. Nikalipa."

"Lakini ni vibovu, mama."

"Najua. Mimi si mama wa seremala? Ila tangu tumzike baba yako hujakaa humu ndani."

Fundi akakaa. Wivu haukumtoka hata chembe. Mtu baki alimuuliza mama yake swali ambalo yeye hakuwahi kumuuliza.