Dadangu Anatajwa Kuliko Mpinzani Wake, na Mimi Ndiye Ninayejua kwa Nini

Admin, jina langu lizike kabisa, mtaa pia usiutaje, sema tu ni mtu wa Malindi. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita. Shule niliiachia darasa la saba, lakini dunia naijua. Nimetembeza watalii tangu sijaota ndevu, na Kiitaliano changu ni kile ambacho Mwitaliano mwenyewe huniuliza nimezaliwa mtaa gani wa Roma. Sijisifu, naeleza tu. Ila siku hizi nimechoka, ndiyo maana nawaandikia.

Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Zuhura. Anaimba taarabu za harusini, na toka Gongoni hadi Kikambala wanamjua. Mpinzani wake nimwite Rukia. Hao wawili wamegawana harusi zote za huku kwetu, na mashabiki wao hata chai hawanywi meza moja.

Mgeni wangu mmoja alinionyesha programu ya simu inayochungulia mtandao mzima na kuhesabu jina la mtu linavyotajwa. Unaandika majina mawili, inakuchorea mistari miwili, mwekundu na wa buluu, na aliye juu ndiye anayetajwa zaidi. Nikaweka Zuhura na Rukia. Basi nikawa mtaalamu. Nikikaa barazani watu wananiuliza, "Mtaalamu, leo nani yuko juu?" Nami nachelewa kujibu makusudi, kama daktari mwenye majibu ya damu.

Mwanzo Rukia alikuwa juu. Kisha ikaja harusi moja hapa Malindi. Mnajua harusi zetu, mwimbaji lazima amtaje bibi harusi kwa jina ndani ya wimbo, na hapo ndipo wanawake huinuka kumtuza. Sasa bwana harusi yule alikuwa anaoa mara ya pili, na harusi yake ya kwanza aliyeimba ni Zuhura huyu huyu. Wimbo ule ule, ulimi umezoea. Akamtaja mke wa kwanza, kwa sauti tamu, tena akarudia. Bibi harusi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Zuhura aliomba radhi palepale, wenyewe wakamsamehe, nikadhani yameisha.

Kumbe mtu alikuwa anarekodi, akaisambaza mtandaoni. Wiki ile mstari wa Zuhura ulipanda mpaka nikadhani simu imeharibika. Nikaupiga picha nikautuma kwa kila mtu, pamoja na meneja wa hoteli moja ya Bofa aliyekuwa anatafuta mwimbaji. "Tazama mwenyewe, bosi," nikamwambia. "Rukia yuko chini huku na dagaa." Akafurahi, akaandaa pambano, wote wawili jukwaa moja, na mshindi ataimba pale hotelini msimu mzima. Zuhura alipouona ule mstari alikaa chini akalia kwa furaha. Tangu aachwe na mumewe sikuwa nimemwona na uso ule.

Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo kwa utaalamu wangu wote nilikuwa sijalifanya. Nikabonyeza nisome wanaomtaja wanasema nini. Jamani. Mtu kamwita bosi wake kwa jina la bosi wa zamani, wenzake wanamwandikia, "Umefanya Zuhura." Mhubiri kakosea jina la marehemu, "Huyo Zuhura." Mume kamwita mkewe jina lingine, inawekwa picha ya dadangu. Nyimbo zake hakuna anayezisema. Nyumbani kwetu mama akituambia "mnasemwa huko nje" tulijua tumeharibu, hatukufikiri tunapendwa. Mimi mjuzi wa dunia nikalisahau hata hilo.

Yeye hajui. Simu yake ni mulika mwizi, haina mtandao, ukurasa wake nauendesha mimi, na maneno mabaya nayafuta kabla sijanywa chai. Kila asubuhi ananipigia, "Kaka, tumeamkaje leo?" Nasema tuko juu, mamangu. Nikikata simu nakaa chini kama niliyeshinda nikibeba magunia ya chumvi kule Gongoni.

Juzi Rukia mwenyewe akanipigia. Nikajiweka sawa nimringie.

"Kaka, mtoe dadako," akasema.

"Unaogopa, siyo?"

"Naogopa, ndiyo. Yule MC wa pambano atapandisha jukwaani bwana na bibi harusi wa uongo, Zuhura aambiwe awaimbie na majina yao. Watu wananunua tiketi kwa ajili ya hilo. Mie nataka kumshinda, kaka, sitaki kumzika."

Nikamshukuru, mimi niliyejiweka sawa nimringie.

Nikamwendea meneja. Akasema tiketi zimekwisha, na Zuhura akijitoa kazi ni ya Rukia. Nikaenda kwa Zuhura nimwambie ukweli. Nikamkuta anamjaribisha mama leso mpya, eti siku hiyo mama akae kiti cha mbele kabisa. Akanishika mkono. "Kaka, nilidhani ile harusi imenimaliza. Bila wewe na ule mstari wako ningeacha kuimba." Nikanywa uji nikaondoka.

Pambano ni Jumamosi hii. Nikimwambia, atajua kwamba kila asubuhi niliyomwambia yuko juu watu walikuwa wanamcheka, na huenda asishike kipaza sauti tena. Nikinyamaza, ataambiwa na ukumbi mzima, mama akitazama. Nyinyi mnaojua kuzungumza na mtu aliyekwisha kuvunjika mara moja, nipeni maneno, maana yangu yamekauka. Nimwambie? Na nikimwambia, nianzie wapi?

Ila nawaomba kitu kimoja. Hata kama mmemjua, msiliandike jina lake la kweli hapo chini. Ile programu inasoma mpaka ukurasa huu, mstari utapanda tena, na kesho asubuhi atanipigia kuuliza.