Nukta Niliyoifuta

Sitakuapia. Nimewaona watu wakiapa kwa makaburi ya mama zao huku wanadanganya, na wengine wanasema kweli bila hata kupandisha sauti. Nitakueleza yaliyonikuta, wewe utachukua utakachochukua. Ila usiniambie nilikuwa na usingizi, wala usiniambie nilipigwa na jua. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kupima. Mtu anayepima huwa macho.

Nilikuwa Guangzhou, China, mwaka wa pili wa masomo ya uhandisi wa maji, nimepelekwa kwa udhamini. Miaka ile ya elfu mbili mji ulikuwa ukijengwa kana kwamba wajenzi wamechelewa safari. Ukipita mtaa mwezi huu unaona bustani za mboga, mwezi ujao unakuta uzio wa mabati na winchi tatu juu yake. Vijito vilivyokuwa vikipita kwenye vijiji vya zamani, ambavyo mji umevimeza, vilikuwa vinafukiwa kimoja baada ya kingine. Vilivyobaki vilikuwa vyeusi, na abiria ndani ya basi walikuwa wakiziba pua wakivuka daraja.

Basi wanafunzi wa idara yetu wakaunda kikundi cha kujitolea. Kila Jumamosi tunatoka, tunachota maji ya vijito vilivyobaki, tunayapima, na kila kijito tunakiweka kwenye ramani ya kompyuta, ili kisije kufukiwa kimyakimya na kesho mtu akasema hakikuwahi kuwepo. Watanzania wenzangu walinicheka. Jumamosi ndiyo siku ya kwenda soko la Zhanxi kuwatafsiria wafanyabiashara waliokuja kununua viatu, na mimi naenda kuchota maji machafu bure. Mwende, Mkenya niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, aliniambia, "Wewe ndiye mtu wa kwanza kutoka Tanga mpaka China kufuata mtaro."

Aliyetufundisha alikuwa dada wa mwaka wa juu. Tulimwita shijie, ndivyo wanavyomwita dada aliyekutangulia chuoni. Alikuwa mpole na mkali kwa pamoja, na hakupenda kurudia. Somo la kwanza lilikuwa kifaa cha GPS, kitu cha manjano, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Unasimama mahali peupe, unasubiri kikamate setilaiti. Ukibonyeza, kinahifadhi nukta ya mahali ulipo. Ukikipa namba za mahali unapotaka kwenda, kinakuonyesha mshale na mita zilizobaki.

"Mita hazitafika sifuri," alisema shijie. "Hiki kifaa hakina uhakika kiasi hicho. Ukiona tano, jihesabu umefika."

Shika maneno hayo.

Somo la pili sikulihudhuria. Mama Rukia, mfanyabiashara wa Unguja, alinipigia simu asubuhi ile. Laoban, mwenye duka la viatu, alikuwa amemfungia saizi za watoto badala ya za watu wazima, na sasa anadai ndizo alizoagiza. Nilishinda Zhanxi nikibishana kwa niaba yake, mikokoteni ikinigonga visigino. Nilijiambia somo moja tu, nitalisoma mwenyewe. Sikulisoma.

Jumamosi iliyofuata tuligawiwa kila mtu kijito chake. Changu kilichorwa kwenye ramani ya mtandaoni kama uzi wa buluu unaokatika ghafla. Nilisoma namba za pale kinapokatikia, nikaziingiza kwenye kifaa, nikatoka peke yangu na begi la chupa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyejua kutumia kitu kipya. Mshale unasema kulia, naenda kulia.

Ulinipeleka kwenye vichochoro ambavyo nyumba zake zimekaribiana hadi majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani. Karibu na hapo walikuwa wakipigilia nguzo za jengo, na kila pigo nililisikia kwenye meno. Mita mia. Hamsini. Ishirini. Hapo nyundo ikanyamaza, nikadhani mafundi wamekwenda kula. Tano. Tatu. Moja.

Sifuri.

Nimefanya kazi hii ya ramani mpaka leo, niamini, na sijaiona sifuri tena.

Kijito kilikuwa mbele yangu. Kilikuwa na ngazi nne za mawe, na maji yake yalikuwa safi kiasi kwamba nilimwona konokono akitembea chini. Mama mmoja alikuwa amechutama kwenye ngazi ya mwisho, anaosha mboga kwenye beseni la bati lenye maua mekundu yaliyobanduka. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya mlango wa kijani, na pembeni mti wa yale matunda madogo ya kahawia, ndugu wa shokishoki.

Nilimsalimu kwa Kichina changu cha chuoni. Akanijibu kwa lugha ya pale, Kikantoni, ambayo mimi siijui hata salamu. Nikamwelewa. Kwa nini sikulishangaa hilo siku ile? Sijui. Nilikuwa nashangaa maji.

Nilichota chupa yangu, nikaiandika namba kumi na saba. Mama akauliza kile cha manjano ni nini.

"Kinaonyesha mtu alipo," nikasema. "Nikibonyeza hapa, mahali hapa panaingia kwenye ramani, na anayetafuta anapaona."

Akakausha mikono kwenye suruali. "Yeyote anayetafuta?"

"Yeyote."

"Basi niweke. Nina binti yuko kiwandani, mbali. Kila akirudi anakuta wamebadilisha njia. Safari hii naogopa hataiona nyumba."

Akanisimamisha mlangoni pake mwenyewe, akanitazama nikibonyeza. Akaniuliza kama imeingia. Nikasema imeingia. Akaniuliza kama nitaiacha humo. Nikacheka kidogo, nikamwambia nitaiacha, ndiyo kazi yenyewe niliyojia. Akanipa fungu la mboga, bado zinachuruzika maji.

Najua unachosubiri. Unasubiri niseme nilipofika bwenini zile mboga ziligeuka majani makavu. Hazikugeuka. Tulizikaanga na kitunguu, Mwende akalalamika nimezidisha chumvi, tukala na wali, tukalala vizuri.

Jumatatu tulikaa maabara, shijie akaingiza nukta zetu kwenye kompyuta mbele ya wote. Hapo ndipo nilipolisikia somo la pili. Kule China, ramani za mitaa husogezwa makusudi, ndiyo sheria yao. Namba unazozisoma kwenye ramani hazipatani na namba za setilaiti. Zinaachana kwa mamia ya mita. Kwa hiyo ukichukua namba za ramani ukazitia kwenye kifaa bila kuzisahihisha, kinakupeleka pengine kabisa. Wenzangu wote walizisahihisha. Mimi nilikwenda kusini mashariki ya kijito changu, zaidi ya nusu kilomita.

Shijie alifungua picha ya setilaiti. Nukta zangu mbili, ya kijito na ya mlango, zilikuwa juu ya paa la ghala, paa refu jeupe.

Watu wakacheka. Shijie hakucheka. Aliinyanyua chupa yangu kwenye mwanga, ikaonekana nyeupe kati ya chupa nyeusi za wenzangu.

"Haya ni maji ya bomba?"

"Ni ya kijito. Kuna mama anaishi pale, ana nyumba."

"Juu ya paa?"

Akaniambia taratibu, kwa namna ya mtu anayekuhurumia, kwamba ripoti yetu inakwenda kusomwa na watu wa wilaya, na wakikuta nukta moja ya uongo watasema zote ni za uongo, na vijito vyote vitafukiwa kwa sababu yangu. Alikuwa na haki. Akanisogezea kipanya nifute mwenyewe.

Niliona aibu. Nilikuwa mgeni peke yangu darasani, na kila mtu ananitazama kama niliyechota maji bafuni nikaja kuwadanganya. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, mara mbili, moja kwa kijito na moja kwa mlango. Jioni ile vifaa vyote vikasafishwa kumbukumbu ili kundi la wiki ijayo lipate nafasi. Ndivyo tulivyofanya kila Jumatatu.

Jumamosi nilirudi pale na Mwende, kwa kukumbuka vichochoro. Nyundo ilikuwa ikipiga. Tulifika kwenye geti la chuma, na ndani yake ghala la viatu lenye sakafu ya zege toka ukuta hadi ukuta. Mwende alichungulia. "Hapa ni godown tu, msichana. Hata nyasi hakuna."

Mlinzi, mzee mwenye kikombe cha chai cha plastiki, alinisikiliza akitikisa kichwa. "Mei you," alisema, hakuna, kama wanavyokukatalia sokoni. Kijito kilikuwepo zamani, hata ghala halijajengwa, na kijiji nacho. Kilifukiwa. Nikauliza kuhusu nyumba ya mlango wa kijani.

Akaacha kunywa. "Wewe ni wa pili wiki hii. Jumanne alikuja mwanamke na begi la safari, akaniuliza mlango wa kijani uko wapi. Nilimwambia hakuna. Akazunguka ukuta mara tatu, akaondoka."

Jumanne. Mimi nilifuta Jumatatu.

Mwende alinishika mkono, na yeye si mtu wa kushikana mikono. Njiani hakunitania hata kidogo.

Nilimsimulia Mama Rukia alipokuja tena kununua mzigo. Yeye hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza, "Hebu nambie mwanangu, zile namba hukuziandika pahala? Karatasi hukuwa nayo?" Nilikuwa nayo, daftari zima, na kalamu mbili. Sikuandika kwa sababu kifaa kilikuwa kinakumbuka. Akatikisa kichwa. "Msomi mzima," akasema, akaendelea kuhesabu viatu.

Nilijaribu kuzirudisha. Nilifungua ramani ile ya mtandaoni nizisome tena namba za pale kijito kinapokatikia, nikakuta wameshaisahihisha na uzi wa buluu haupo. Nikaweka nukta kwa kukisia. Nimeweka hivyo mara nne, katika ramani tofauti. Kukisia si kujua. Mlango una upana wa mita moja, na mimi nilikuwa nimesimama pale na sifuri mkononi.

Sasa nipo Dar es Salaam, miaka imepita, na kazi yangu bado ni maji na ramani. Chupa namba kumi na saba niliondoka nayo, ipo kabatini jikoni, haijapata ukungu. Na mimi mwenyewe hakuna simu inayojua nilipo. Nimebadilisha simu, nimehama Tabata nikaenda Kimara, mafundi wameifungua na kuifunga. Nikiita gari kwa simu, dereva anakwenda kusini mashariki yangu, zaidi ya nusu kilomita, anasimama, ananipigia kuwa amefika. Vipimo vya kazini nawaachia vijana wachukue; mimi nachora tu. Wenzangu wanasema nina mkosi na vifaa, na mimi nawaacha waseme.

Hilo nilishalizoea. Mwaka jana, siku ya kazi, mchana kweupe, dereva mmoja alinipigia.

"Dada, nimefika."

"Najua hujafika," nikamwambia. "Geuza gari, nitakuelekeza."

"Sawa. Lakini kuna mama hapa ameshika dirisha. Ana beseni. Naona kama Mchina."

Nilikaa chini. Nikamwuliza mama huyo anasema nini.

"Lugha yake siijui, dada. Ila nimemwelewa. Anauliza binti yake apite njia ipi."

Tangu siku hiyo sielekezi madereva. Gari likisimama kule, natembea mwenyewe kulifuata. Nikifika simkuti. Nasimama kando ya barabara, nasema kwa sauti, kwa Kichina changu kinachozidi kuchakaa, kwamba namba sinazo, anisamehe. Madereva wananitazama kwenye kioo. Wengine wanapunguza redio.

Nisikilize basi, wewe mwenye simu inayojua kila kitu. Mtu akikuomba umweke kwenye ramani, usikubali kwa kicheko. Ukimweka, ziandike namba zake kwenye karatasi, uiweke karatasi mahali unapopajua. Na ukiambiwa umfute kwa sababu watu wanacheka, waache wacheke. Watachoka. Yule mama bado yupo pale madereva wanaponikosea, kwangu hapapatikani, na binti yake sijui anazunguka ukuta gani.