Debe la Unga na Jina la Ukoo

Siku ile ya kuanua matanga ya baba aliyenilea, mwanangu, naikumbuka kwa ukungu wake. Tulikuwa nyumbani, karibu na Nyololo, wazee wamekaa wagawane vinyungu, yale mashamba ya bondeni yasiyokauka hata kiangazi. Mimi nilikuwa kijana wa kiwanda cha chai, na kinyungu nilichokilima miaka yote ndicho pekee nilichokuwa nacho.

Baba mdogo akasema bila kupepesa macho, "Yohana si damu yetu. Marehemu alimwokota Usangu kwa wafuga ng'ombe, yatima. Jina tulimpa, shamba hatukumpa."

Hilo sijawahi kukuambia. Ndiyo, Yohana huyo wa kuokotwa ni mimi. Niliinamisha kichwa, nikaona aibu kama mwizi.

Fundi mkuu wa kiwanda, Bwana Fraser, Mskoti, alikuwa amekuja kutoa pole. Alishasema "kamwene", salamu ya kwetu, kwa kila mtu, akala ugali wake vizuri. Mzungu yule alikuwa na domo, hakujua kunyamaza penye mambo ya watu.

"Na mimi si Fraser wa damu," akasema. "Kwetu wengine walitoka Ayalandi, wengine kwa Wanorwe, wengine walikuja baadaye wakawakuta hao wote pale pale. Babu zangu walibanwa na njaa. Mkuu wa ukoo wa Fraser akawapa unga, wakachukua jina lake. Mpaka leo tunataniwa, Fraser wa debe la unga."

"Kumbe na wazungu wana watu wa kuja!" mmoja akadakia. Watu wakacheka.

"Sasa mashamba walipewa?" baba mdogo akauliza.

"Walipewa. Na vita ikija, waliitwa kama wengine."

Baba mdogo akasema hayo ni ya Uskoti. Hapo shangazi, dada wa marehemu, akainuka. "Kaka alipougua, nani alimbeba mgongoni mpaka misheni, si Yohana? Wewe tulikutumia mtu huko Ilomba, ukasema barabara mbaya."

Kisha baba mdogo akachukua jembe, akashuka bondeni, akachimba mwenyewe mfereji wa mpaka kati ya kinyungu chake na kile nilichokilima, kuonyesha sasa ni changu. Nililia mbele za watu, na sikujali.

Kinyungu hicho ndicho kilichokusomesha. Sasa nasikia unamkatalia binti yako yule kijana wa Rujewa, huko huko Usangu, eti wafuga ng'ombe ni watu wa kuja, watachafua ukoo. Ukoo upi, mwanangu? Jina tunalojivunia mimi na wewe tulikaribishwa ndani yake. Mchunguze kijana: ni mvivu? Ana mkono mwepesi wa kupiga? Akiuguliwa na mtu, anakaa au anakimbia? Hayo yakunyime usingizi. Alikotoka babu yake yaache.

Mungu akujalie wakwe wengi na wajukuu wa kila rangi ya ngozi, na mlangoni kwako mgeni asiulizwe ukoo wake kabla hajanawa mikono.