Vidonge vya Mjomba na Mhogo wa Pembeni

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata ya kuajiriwa, niliiba mhogo. Mjomba Saidi alikuwa akila barazani kwetu Newala, nikachomoa kipande kilichokuwa upande wake wa kushoto. Hakusema kitu. Nikachomoa cha kulia. Kimya. Nikamtolea ulimi karibu na sikio. Mjomba, ambaye siku nyingine angenifukuza hadi sokoni, aliendelea kutafuna.

Alikuwa akiuza maji kwa baiskeli, madumu manne kutoka bondeni. Mwezi ule alishagonga mbuzi wawili na mwenyekiti wa mtaa. Watu wakasema ni uraka, pombe ya mabibo, wakati hajawahi hata kuionja.

"Mama, mjomba haoni pembeni," nikasema.

"Umejuaje?"

Habari za mhogo sikuzitaja.

Mama akampeleka hospitali ya Masasi, nao wakampeleka Dar kupigwa picha ya kichwa. Aliporudi, Mganga Mfawidhi wa Masasi akatusomea barua ya Dar. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Ya mjomba imeota uvimbe. Si saratani, ila ni mkubwa, unakandamiza mishipa ya macho na umezunguka mshipa wa damu. Wapasuaji hupitia puani, lakini wa namna hii hawawezi kuutoa wote.

"Bahati yako, damu imeonyesha homoni ya maziwa nyingi mno. Uvimbe wa aina hiyo husinyaa kwa vidonge."

Mjomba akajishika kifua. "Maziwa? Mganga, kwani mimi nimezaa lini?"

Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Niliporudishwa, nilikuwa nimeshaajiriwa.

"Wewe mwenye meno nje, utamsimamia," mganga akaniambia. " Akiacha dawa, macho yanakwenda jumla. Vidonge vikishindwa, ndipo kisu, halafu mionzi."

Nyie mlioingia kidato cha kwanza juzi mnadhani kazi ni kufagia darasa. Mimi nilisimamia dawa ile ya kusinyaza uvimbe, bromokriptini. Hospitalini haikuwepo, lakini tangu biashara iachiwe watu binafsi, duka la dawa la Masasi huagiza chochote. Huanzwa na nusu kidonge, pamoja na chakula, kisha huongezwa polepole, maana huleta kichefuchefu na kizunguzungu.

Kila Ijumaa nilimpima kama nilivyofundishwa: tunakaa magoti kwa magoti, anaziba jicho moja, anatazama pua yangu, nami naleta vidole kutoka pembeni.

"Viwili," akasema.

"Mjomba, hiyo ni ngumi."

Wiki ya tatu nikakuta vidonge vitatu chini ya mkeka.

"Vinanitapisha! Bora nigonge mbuzi."

"Mbuzi wamekwisha, mjomba. Limebaki lori la korosho."

Hakucheka. Aliomba uji, akameza. Tangu hapo nilikaa mbele yake mpaka afunue mdomo na kuinua ulimi. Nilichelewa shule, nikachapwa, kesho yake nikakaa tena.

Miezi ikapita, vidole vikaanza kuonekana, kwanza kwa jicho la kulia. Sikuamini, mjomba anajua kubahatisha.

Nilistaafu barazani palepale. Alikuwa akila, nikapeleka mkono upande wa kushoto. Bila kugeuza kichwa, akanipiga kofi vidoleni.

"We Zuhura, acha mhogo wangu!"

Vidonge bado anameza, kwa kuwa uvimbe umesinyaa tu, haujahama. Ila siku hizi anajisimamia. Kofi lile ndilo kiinua mgongo changu. Nililipokea kwa heshima, kisha nikapeleka mkono mwingine upande wa kulia, kuhakikisha.

Nikapata la pili.