Kamba Niliowalisha Wakwe

Mimi ni mzee, nimeuza ng'ombe Garissa tangu sijaota ndevu, watu huniinukia kiti, lakini ukitaja kamba wa baharini mbele yangu naangalia chini. Aibu ile haina dawa.

Ilikuwa miaka ya tisini, namposea mwanangu. Baba wa msichana, Haji Salah, alikulia Kismayu kando ya bahari, na kila siku alitangaza sokoni kwamba sisi watu wa ng'ombe hatujui kula. Mimi nidharauliwe? Nilipopeleka madume Lamu nikanunua kikapu kizima cha kamba (wale wadudu wenye masharubu), muuzaji akawafunika barafu, nami nikaimwaga yote palepale nikamwambia, "Mimi si mtu wa kuuziwa maji!" Lori likakwama mchangani, jua likatuchoma siku nzima, tukafika kesho yake.

Mke wangu alifungua kikapu akarudi nyuma. "Baba Abdi, hii imeoza."

"Bahari ndivyo inavyonuka."

"Kwani bahari umeijua lini wewe?"

Nikamwambia maziwa ya ngamia yakikaa kibuyuni ndiyo yanakuwa matamu, sembuse hawa. (Shule nilipita tu, ila ubishi nimehitimu.) Akawakaanga kwa samli na bizari nyingi mpaka harufu ikanyamaza.

Haji na wazee walipoketi kwangu, Haji alisita kidogo, lakini nani hukataa chakula cha posa? Akala, wazee wakala, mimi nikala kuwashinda wote. Nikasimama niombe msichana, nikasema bismillahi, tumbo likanijibu. Nilikimbilia choo, choo chenyewe kimoja, na sijakaa vizuri mlango ukagongwa.

"Walaal, ndugu yangu, toka!" Ni Haji.

"Siwezi."

"Wallahi toka, nitakupa msichana!"

Biashara ni biashara. Nikauliza, "Mashahidi wako wapi?"

"Wote wako nyuma yangu kwenye foleni! Nimekubali! Toka!"

Tulimalizia zahanati, tumetundikiwa maji. Daktari akanieleza kwamba joto huzalisha vijidudu kwenye nyama ya bahari, na sumu yao hata uichemshe vipi haitoki.

Ndoa ilifungwa, wajukuu ninao. Lakini mwanangu akimuudhi mkewe, mkwe wangu huyo husema kwa sauti, "Mimi baba alinioza ili apate choo!" Nami huchukua bakora yangu nikaenda sokoni. Kwangu sasa haingii samaki wala kamba. Mgeni akija nachinja mbuzi, na mbuzi mwenyewe nimwone kwanza akitembea.