Samli Nyuma ya Sikio

Mwaka wa 1979 mume wangu Mulama alichonga sanamu ya jiwe ya Ganesha, mungu wa Wahindi mwenye kichwa cha ndovu, katika karakana ya Ratilal huko Industrial Area. Ilimchukua miezi kumi na mmoja. Ratilal hakushika patasi hata siku moja. Mimi ndiye niliyempelekea Mulama chakula kila adhuhuri kutoka Makongeni, na macho ninayo.

Seremala mmoja Mhindi alikuwa amemweleza desturi yao. Kabla sanamu haijaombewa uhai, hulazwa majini, hufukiwa kwa nafaka, kisha huogeshwa maziwa na asali. Pale patasi ilipoliumiza jiwe hupakwa samli, na fundi huitwa mbele ya watu aliombe jiwe radhi na kuvishwa shali. Mulama aliitaka shali hiyo kuliko mshahara. Koti lake la kanisani alilipiga pasi mara mbili.

Siku yenyewe tulisimamishwa mlangoni pa hekalu, viatu tumevua, nyuma ya kamba. Kuhani akamwita fundi. Ratilal akajitokeza na suti mpya, tumbo mbele. Damu ilinichemka.

Kuhani akamuuliza jiwe liliumia wapi. Ratilal akapapasapapasa, akaonyesha goti. Goti! Mahali palipolainishwa kama yai!

“Nyuma ya sikio la kushoto!” nilipiga kelele. “Patasi iliteleza hapo, ikampasua kidole. Muulizeni mume wangu, Baba Annah!”

Watu wote wakageuka. Kuhani akapitisha kidole nyuma ya sikio, akakuta alama. Akaipaka samli polepole, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Kisha akamtazama mume wangu.

“Ni wewe uliyechonga, ndugu?”

Ratilal naye alikuwa akimtazama.

“Hapana, bwana,” Mulama alisema, macho kwenye miguu yake mitupu. “Mimi nilikuwa nafagia vumbi tu. Huyu mama ana maneno mengi.”

Shali akavishwa Ratilal.

Ratilal ni mwizi, na wezi nimewazoea. Lakini Mulama! Tukirudi kwa miguu alinieleza habari za kazi, karo ya Annah, nyumba. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyozidi kunichoma. Pale Jogoo Road akanyoosha mkono anishike. Niliuona ukovu wa kile kidole, nikatangulia mbele.